Mwandishi aje Kashaulili
Mtoto wa darasa la pili pale Kashaulili, mjini Mpanda, anamjua Sungura mjanja na Fisi mlafi kabla hajajua kuandika jina lake. Asichokijua ni kwamba wahusika hao walibuniwa na watu, na kwamba naye anaweza kubuni wake. Kitabu peke yake hakimwonyeshi hilo. Anahitaji kumwona mwandishi aliye hai, amesimama mbele ya ubao, anaulizwa maswali na kuyajibu. Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu 1991, na ina waandishi kama Elieshi Lema, ila wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, na treni ya Mpanda lazima ipitie Tabora. Waandishi waipande hivyo hivyo. Tena wakifika wasisome kurasa mbili tu, wakapiga picha, wakaondoka. Waanze na kiboko wa Mto Katuma, yule anayebanana na wenzake kwenye tope kiangazi kinapokaza. Anaitwa nani? Anataka nini? Anaogopa nini? Mtoto akijibu kwamba kiboko wake anaogopa maji, mhusika amepatikana, na swali la mwenzake, “Sasa ataishije?”, ndilo kisa chenyewe. Na wapo mabibi wanaojua habari za Katabi, mzimu wa Wabende unaosemekana kukaa kwenye mkwaju, ulioipa Hifadhi ya Katavi jina lake. Nao waalikwe darasani, wakae sambamba na mgeni. Nauli yao ni ya bodaboda tu. Walimu wakuu wanaweza kuanza nao muhula huu huu.