Spana na Chaki

Katika miaka yote niliyofundisha na kuongoza shule, hakuna usemi ulioniudhi kama huu: "Usiposoma, utaishia gereji." Nimestaafu, lakini bado nausikia, na sasa unanilenga mimi mwenyewe. Majirani wanauliza kwa nini mwalimu mkuu mzima, aliyepita miaka sabini, anajipaka oili uani badala ya kukaa barazani na gazeti lake. Nawajibu hapa kwa maandishi ili nisilirudie jibu kila jioni.

Gari lenyewe ni pikapu aina ya Peugeot 404. Wazee wenzangu wanaikumbuka. Kwa gari la saluni la aina hiyo hiyo, Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967. Pikapu yangu ilianza kuchanganya maji na oili, hata oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Katika karakana moja kubwa ya mjini nilielezwa kwamba injini imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Walionieleza hivyo hawakufungua hata bolti moja. Basi nikaamua kuifumua nyumbani, pamoja na fundi aliyemaliza darasa la saba na kujifunzia kazi chini ya mti.

Sasa nawauliza wanaoidharau gereji: mnajua kilichomo ndani ya injini? Kila mwanafunzi wa sekondari amekaririshwa kanuni ya ujazo wa mcheduara. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 84, na pistoni husafiri milimita 73. Zidisha pai kwa mraba wa nusu kipenyo, kisha kwa urefu wa safari ya pistoni, utapata sentimita za ujazo 404 na nusu hivi. Silinda ni nne; jumla ni 1,618, na ndiyo namba iliyomo katika vitabu vya gari hilo. Wajukuu zangu wanaijua kanuni hiyo kwa ghibu. Walishangaa kuona kwamba yupo mtu anayeihitaji.

Mtanijibu kwamba mafundi wengi hubahatisha. Ni kweli, wala sitawatetea. Silinda za injini hii zina slivu za kuchomoa, na maji ya rejeta huzizunguka moja kwa moja. Slivu ikishakaa mahali pake, lazima ichomoze juu ya bloku kwa sehemu ndogo ya milimita, ili silinda hedi ikikazwa ibane gasketi sawasawa. Fundi wangu alipitisha ukucha tu, akasema slivu mbili zimezama. Tulipozichomoa tukakuta kutu imekula pale zinapokalia, na huko ndiko maji yalikopata njia. Ukucha wake ulisema kweli. Lakini ulipofika wakati wa kuzirudisha, aliniambia, "Iko sawa tu, Mwalimu." Nikampa fila geji. Moja haikuwa sawa. Tukaitoa, tukarekebisha, tukapima tena. Tangu siku hiyo huja kuniazima ile geji kwa kazi zake nyingine.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tumeolewesha kipimo darasani na spana gereji, kisha tukawakataza wasitembeleane. Matokeo yake tuna msomi anayejua kanuni asiyeweza kufungua kifuniko, na fundi mwenye mkono wa dhahabu anayekadiria kwa macho. Wote wawili ni nusu mtu wa kazi, na taifa ndilo linalolipa hasara, kwa kutupa injini ambazo zingepona.

Si kwamba hatukuambiwa. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka kazi na masomo viwe kitu kimoja. Shule nyingi zikapata mashamba. Lakini wapo walimu waliogeuza jembe kuwa kiboko: aliyechelewa alipelekwa kulima, aliyepiga kelele alipelekwa kufyeka. Mtoto anayefundishwa kwamba kazi ya mikono ni adhabu atawezaje kuipenda akiwa mtu mzima? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Naupongeza. Lakini nawaonya wenzangu: mkiufanya kuwa jalala la waliofeli, utakufa kama yalivyokufa yale mashamba.

Wapo watakaosema kwamba magari ya leo yana kompyuta, na maarifa ya 404 yamepitwa na wakati. Kompyuta hutaja dalili tu. Bado pistoni hupanda na kushuka, bado oili huwa chafu, na bado lazima awepo mtu wa kuelewa dalili ile inatokana na nini.

Nataka mambo matatu. Kila chuo cha ualimu kiwe na injini moja chakavu juu ya meza imara, na asipewe cheti mwalimu wa hisabati au fizikia ambaye hajaifumua na kuifunga. Kila fundi wa mtaani apate nafasi ya kujifunza kupima, jioni, bila kuulizwa cheti cha kidato cha nne. Na kila mzazi auondoe kinywani usemi ule niliouanza nao. Kama mwanao atafika gereji akiwa na kipimo mkononi na hesabu kichwani, hajaishia popote. Amefika kazini.

Pikapu yangu inawaka, na oili yake ni safi. Anayetaka kubishana nami aje uani, lakini avae nguo za kazi.