Kijimashua cha Mtoto na Maji ya Nyeri



Ndugu wazazi, likizo zikiwadia baadhi yetu huwapeleka watoto kwa jamaa zetu Nyeri, na siku hizi mizigoni hamkosi kijimashua kinachoendeshwa kwa redio. Mtoto hukitia katika bwawa la samaki, nacho huzimika katikati. Hapo ndipo penye hatari, kwani mtoto huvua viatu akaingia kukifuata.

Sababu si ubovu wa chombo peke yake. Nyeri ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mito yake hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, maji yake baridi. Kijimashua kilichokaa juani huwa na hewa ya moto tumboni. Kikitiwa majini, hewa ile hupoa na kusinyaa, ikafyonza maji kupitia upenyo mdogo kabisa, hasa tundu la mhimili wa rafadha. Mvuke uliomo nao hugeuka matone juu ya nyaya.

Wazee wetu walilitia jahazi kalafati za pamba na mafuta, na bado hakukosekana mtu wa kuteka maji ngamani. Walijua kuwa kinga moja haitoshi. Nasi tufanye hivyo:

Tundu la mhimili lijazwe grisi. Kibao cha nyaya kipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi, ila mahali pa kuchomekea. Kipokezi cha redio kivikwe puto, mdomo wake ukazwe kwa uzi. Nafasi tupu zijazwe lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, ili chombo kisizame. Kabla ya mchezo, kipozwe kivulini, kifuniko wazi. Baada ya mchezo, kifunguliwe kikauke. Kikitoka baharini, kisuuzwe kwanza kwa maji matamu, betri ikiwa imeondolewa.

Betri ya lithiamu iliyoingia maji isichajiwe kamwe wala isilazwe ndani ya nyumba. Huweza kuwaka moto.

Dini yetu imetanguliza hifadhi ya nafsi mbele ya mali. Basi mwagane na mtoto kabla hajafika ukingoni: chombo kikizimika, hakifuatwi. Kitangojewa upepo ukisogeze, au mtu mzima akivute kwa mshipi uliofungwa mpira. Kijimashua hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

Wabillahi tawfiq.