WAKILI WA MUUZAJI SI WAKILI WAKO



Mwanachama akipata mkopo wake wa Sacco, au akilipwa kiinua mgongo chake, jambo la kwanza analolifikiri ni ploti. Hatumlaumu hata kidogo. Wazee wetu waliotumikia Reli walikaa katika landhi za Muthurwa na Makongeni, na nyumba zile zilikuwa za tajiri. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Mtu alitumika miaka mingi, kisha akaondoka na sanduku lake la bati na watoto nyuma yake. Basi mfanyakazi wa leo akitaka mlango ambao tajiri hana ufunguo wake, anataka jambo la haki, na chama kiko pamoja naye.

Lakini kuna jambo moja tumeliona katika matawi yetu, wala hatuwezi kulinyamazia. Wanachama wetu wananunua ardhi bila wakili, au wananunua kwa wakili wa muuzaji. Mambo haya mawili sisi twaona ni jambo moja.

Twaeleza jinsi yanavyokwenda. Siku ya Jumamosi mwenzetu anapandishwa basi la muuzaji pamoja na wengine. Wanapelekwa shambani, wanaonyeshwa mawe ya mpaka yaliyopakwa chokaa, wanapewa soda. Jioni wanaletwa ofisini. Pale amekaa bwana mwenye tai, nao wanaambiwa, "Huyu ndiye wakili wetu. Hamna haja ya kutafuta mwingine, gharama yake sisi tumekwisha kulipa." Mwenzetu anafurahi, maana anaona ameokoa fedha. Anatia sahihi. Mkopo atakaoulipa kwa miaka minne unaondoka kwa dakika kumi.

Hebu tuulizane. Siku tajiri anapomwita mfanyakazi ajibu mashtaka ya kazi, je, mfanyakazi hukubali kutetewa na wakili wa tajiri kwa sababu ni wa bure? Hakubali. Hutaka katibu wa tawi awe karibu naye. Sisi watu wa chama tulijifunza jambo hili kwa taabu, kwamba mtu hufanya kazi ya yule aliyemwandika. Mbona tunalisahau siku ya kununua ardhi?

Hatusemi kwamba wakili wa muuzaji ni mwizi. Pengine ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini uaminifu wake ni kwa muuzaji. Muuzaji akitaka fedha zote zilipwe leo na hati ije baadaye, jambo hilo ni zuri kwake na ni baya kwako. Wakili wake hawezi kukuvuta kando na kukuambia ukatae. Mshika mbili moja humponyoka, na itakayoponyoka ni wewe.

Wengine watasema, "Mimi nachukua mkopo wa benki, na wakili wa benki yupo, tena mimi ndiye ninayemlipa." Ni kweli unamlipa, lakini kazi yake ni kuilinda benki ipate rehani yake sawasawa. Kama bei imezidi, au kama maji hayafiki huko, si yeye wa kukuambia.

Sasa wakili wako mwenyewe atakufanyia nini?

Kwanza, atapeleleza. Atatafuta katika ofisi ya ardhi jina la mwenye shamba, na kama shamba lina deni la benki, au limezuiwa na mahakama, au lina kodi ya serikali isiyolipwa. Kwa ardhi ya Nairobi kazi hiyo imeingizwa katika Ardhisasa, mtambo wa serikali uliofunguliwa Aprili 2021. Lakini kutazama jina tu hakutoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 26, inasema hati yaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa njia isiyo halali, au bila kufuata utaratibu, au kwa rushwa. Na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilikata kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha pwani huko Nyali. Kampuni ile haikuwa ya kwanza kupewa kiwanja kile. Ilinunua kwa mwingine, tena ilikuwa na hati. Hata hivyo ilishindwa, kwa sababu kiwanja kilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo wakili wako hana budi kuuliza: shamba hili limetoka kwa nani, na huyo alilipata kwa nani, mpaka afike kwenye chanzo chake.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, kwa kuwa ardhi ilisemekana ni ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 nyumba zikabomolewa Athi River, katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wa waliotolewa humo walikuwa wamenunua kwa fedha zao, na walisimama kando ya vifusi wakiwa na karatasi mkononi. Karatasi hizo haziwezi kumlaza mtoto.

Pili, wakili wako atatazama ruhusa. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha Halmashauri ya Usimamizi wa Ardhi, chini ya sheria ya 1967, na maombi ya kibali yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu siku ya mapatano. Kadhalika nyumba ya ndoa haiuzwi na mume peke yake wala mke peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka wote wawili wakubali. Mnunuzi asiyeuliza habari za mke wa muuzaji aweza kumkuta mke huyo mahakamani.

Tatu, ataweka mapatano katika maandishi. Sheria yetu ya mikataba inataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Neno la mdomo mbele ya wazee ni zuri kwa heshima, lakini halitoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wala dalali asikuandikie hati ya kuhamisha ardhi kwa malipo, maana Sheria ya Mawakili inamkataza mtu asiye wakili kufanya kazi hiyo.

Nne, atazilinda fedha. Kwa desturi mnunuzi hutoa sehemu ya kumi ya bei kwanza, na mambo mengine humalizwa katika siku 90. Sehemu hiyo ya kumi isiingie mfukoni mwa muuzaji. Yafaa ikae kwa wakili kama amana, na iandikwe katika mapatano ni lini itatolewa, na itarudishwa namna gani ikiwa mambo yameharibika. Huu ndio mlango ambao fedha nyingi za wafanyakazi zimetokea.

Twajua jibu la baadhi yenu. Mtasema, "Mawakili nao ni walewale. Tumewasikia waliokula fedha za watu." Ni kweli, wako. Katika kila kazi wako wabaya, hata katika vyama vya wafanyakazi tumewahi kuwaona. Lakini mtu hauachi mguu bila kutibiwa kwa sababu kuna waganga waongo. Huchagua mganga. Basi tuseme jinsi ya kumchagua wakili.

Usimchukue yule aliyeletwa na dalali, maana dalali atakuwa na fungu lake. Uliza wenzako waliokwisha kupata hati zao, si wale wanaoendelea kungoja.

Ukipata jina, hakikisha kwamba ni wakili kweli na kwamba ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Cheti hicho hutolewa upya kila mwaka. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha ya mawakili ambayo mtu yeyote aweza kuitazama bila malipo. Kuuliza si ujinga, na wakili mwema hatakasirika kwa kuulizwa.

Mwulize kama kazi ya ardhi ndiyo kazi yake ya kila siku. Kuna wakili hodari sana wa kesi za mashtaka ambaye hajui mlango wa ofisi ya ardhi. Mwulize pia ni nani hasa atakayeishika kazi yako, yeye au karani wake, na utapata habari kila baada ya siku ngapi.

Mwambie akueleze kwa lugha unayoielewa. Mapatano mengi huandikwa kwa Kiingereza cha mahakama. Ikiwa hawezi kukaa nusu saa akakufasiria kila kifungu kwa Kiswahili, au akakutafutia mtu wa kukufasiria, huyo si wakili wako. Usitie sahihi katika neno usilolijua.

Juu ya malipo, mwambie aandike tangu siku ya kwanza: malipo yake ni kiasi gani, na ya serikali ni kiasi gani. Malipo ya wakili hupangwa na sheria kwa kufuata bei ya mali, wala haruhusiwi kutoza chini ya kiasi kile. Sisi wafanyakazi twajua maana ya kiwango cha chini, kwa hiyo tusimwombe wakili avunje cha kwake. Anayejitangaza kwamba ni wa rahisi kuliko wote ameanza kazi yako kwa kuvunja sheria ya kazi yake. Tena kuna ushuru wa stampu ambao mnunuzi huulipa serikalini. Kiwango chake ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kwa ploti ya mjini yenye thamani ya shs. 800,000, ushuru ni shs. 32,000. Mwanachama asimalize mkopo wote kwa bei, akabaki hana fedha ya kuiandikisha ploti. Na kwa kila senti unayotoa, dai risiti.

Nanyi mnaouza, msidhani maneno haya hayawahusu. Mwenzetu anayestaafu akiuza nyumba yake ya mjini ili arudi kwao, naye anahitaji wakili wake mwenyewe. Hati ikitoka mkononi kabla fedha hazijalindwa, ni taabu kuirudisha. Tena tangu Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15 ya faida, na hapo kwanza ilikuwa asilimia 5. Kodi hiyo ni ya muuzaji. Wakili wako akuhesabie mapema, usije ukazigawa fedha kwa watoto kisha serikali ikakudai.

Wakili akikukosea, usinyamaze. Iko Tume ya Malalamiko juu ya Mawakili, iliyowekwa na sheria, na liko baraza la nidhamu la kuwahukumu. Andika barua, tia nakala za risiti, na ulete nakala moja kwa tawi. Na mjue mpaka wa kazi ya wakili pia. Yeye husoma karatasi, hapimi ardhi. Yale mawe yenye chokaa yatazamwe na mpima ardhi mwenye leseni, maana jiwe lina miguu likitaka.

Mwisho tunatoa shauri letu. Kila tawi lifungue daftari. Mwanachama aliyenunua au kuuza aandikishe humo ni wakili gani alimfanyia kazi, ilichukua miezi mingapi, alilipa kiasi gani, na kama hati imetoka. Atakayekuja nyuma yake asome kabla hajatoa shilingi. Wanachama kumi wakinunua mahali pamoja, waungane wamwandike wakili mmoja wao wote, wasiende mmoja mmoja kama kuku sokoni. Mshahara wetu tuliupandisha kwa kuungana, wala hatukumwachia kila mtu aende kuongea na tajiri peke yake. Mbona tununue ardhi peke yetu?

Lakini sharti moja lishikwe. Katibu wa tawi, wala mjumbe yeyote wa kamati, asipokee hata senti moja kutoka kwa wakili au muuzaji kwa kupeleka jina la mwanachama. Siku chama kitakapopokea fungu, chama kitakuwa dalali, na daftari lile litakuwa uongo. Twataka matawi yaliandike sharti hili katika ukurasa wa kwanza, na mwanachama akiona limevunjwa alisimamishe katika mkutano, hata kama aliyelivunja ni mkubwa.

Ndugu zetu, ploti haikimbii. Muuzaji akikuambia bei itapanda Jumatatu, mwambie wakili wako hafanyi kazi Jumapili. Kama ploti ni halali, itaweza kungoja majuma mawili isomwe. Kama haiwezi kungoja, umekwisha kupata jibu lako, na hukulipa kitu.