Nyutroni Zitokazo Juani

Kilosa na Mikumi, mara mbili kwa mwaka, katika siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 11 Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini hata kivuli cha mtu kikajificha miguuni pake. Mwanafunzi wa huko hufundishwa kwamba jua hilo humletea mwanga na joto. Ni kweli, lakini kuikomesha habari hapo ni kumpunja.

Mlipuko mkubwa utokeapo juani, nishati iliyofungamana katika uga wa sumaku hufunguka ghafla na kuzisukuma protoni kwa mwendo wa kutisha. Protoni hizo huvigonga viini vya atomu za gesi za jua. Baadhi ya viini hutoa miali ya gama. Vingine huvunjika na kurusha nyutroni. Migongano iliyo mikali zaidi huzaa chembe ziitwazo pioni, na zile zisizo na chaji hugeuka papo hapo kuwa miali ya gama yenye nguvu kubwa kupita zote. Setilaiti OSO-7 ilitambua alama za miali ya gama ya milipuko hiyo Agosti 1972. Nyutroni zilinaswa na setilaiti SMM Juni 1980.

Nyutroni haina chaji, hivyo sumaku haiipindi njia. Hapo ndipo ulipo ubora wa ushahidi wake. Lakini umri wake, kwa wastani, haufiki dakika 15. Mwanga hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20. Nyutroni ya elektrovolti milioni 100 huchukua kama dakika 19, na takriban 7 katika kila 10 huwa zimekwisha kuoza njiani. Hesabu hii haihitaji maabara, ila chaki na mwalimu asiyeogopa kuuacha mtaala kwa kipindi kimoja.

Kuzipima ni kazi nyingine. Hewa huzimeza, na Kilosa iko chini mno. Chacaltaya, Bolivia, penye mita zaidi ya 5,200, ilizinasa tarehe 7 Septemba 2005. Lakini adhuhuri ya Kilosa ni alfajiri ya Chacaltaya. Kilimanjaro iko karibu kabisa katika longitudo ya Kilosa. Mwaka 1972 setilaiti SAS-2, ya kupima miali ya gama, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi. Wageni walikwisha kuuona ubora wa ukanda huu. Chombo cha kupimia nyutroni mlimani humo kingepaswa kudaiwa na walimu wa fizikia, wa Kilosa na Mikumi wakiwa mbele.