Tusichomekee Maoni Kwenye Taarifa



Kuna neno la Kiingereza limeingia kwenye vikao vyetu vya vijana: "editorialize". Mtu akisoma taarifa ya mkutano, mwenzake anamkatisha, "Kamanda, acha ku-editorialize." Nusu ya waliokaa hawajui kakosea nini.

Mimi nasema tuseme Kiswahili. Hilo si kutia chumvi, maana anayetia chumvi anakuza jambo lililotokea. Wala si uongo, kwa sababu maoni yako yanaweza kuwa sahihi kabisa. Ni kuchomekea, kama daladala inavyoruka foleni na kujipenyeza mbele. Maoni yanajipenyeza katikati ya habari, msomaji anayameza akidhani ni tukio.

Chukua mfano. "Mwenyekiti wa kijiji aliulizwa mara tatu kuhusu mapato na matumizi, hakujibu." Hiyo ni taarifa. "Mwenyekiti mwizi alikwepa maswali kwa jeuri yake." Hapo umechomekea. Na ya kwanza ndiyo inayombana, kwa sababu hawezi kuikana. Ya pili unampa upenyo: badala ya kueleza hela ziko wapi, anaanza kulalamika katukanwa.

Mwaka 2017 gazeti la Raia Mwema lilifungiwa siku 90 kwa makala kuhusu urais wa Magufuli. Serikali ilidai Rais kawekewa maneno ambayo hakuyasema. Kufungia gazeti ni ukandamizaji, hapo sirudi nyuma. Lakini angalieni waliposhika: walishika nukuu.

Simwambii mtu anyamaze. Maoni ni haki yetu, Ibara ya 18 ya Katiba inasema hivyo. Yatoe jukwaani, yaandike kwenye tahariri kama hii, kwa jina lake na mahali pake. Ila taarifa ibaki taarifa: nani, wapi, saa ngapi, kasema nini.

Siku ya kura ndiyo mtaona tofauti. Wakala akituandikia "wameiba", hatuna kitu mkononi. Akituandikia jina la kituo, saa aliyotolewa nje, aliyemtoa, na idadi zilizo kwenye fomu ya matokeo, hapo tuna cha kusimama nacho mbele ya hakimu na mbele ya wananchi. Hasira tunazo za kutosha, makamanda. Tuandike ushahidi.