Bima itazame kazi ya chombo





Uingereza, kampuni za bima humwuliza mwenye gari anafanya kazi gani, na jibu lake huweza kupandisha au kushusha bei. Marekani kampuni ya GEICO ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya watumishi wa serikali, kwa kuwa walihesabiwa kuwa madereva waangalifu. Lakini mwaka 2017 jimbo la New York lilizuia kampuni kupanga bei kwa kufuata kazi na elimu ya mtu, isipokuwa zithibitishe kuwa mambo hayo yanahusiana na ajali.

Mimi ni mwalimu, pengine utaratibu wa GEICO ungenipa nafuu. Hata hivyo siutaki. Nawajua walimu wanaoendesha vibaya kuliko vijana wa bodaboda.

Hapa kwetu kinachotazamwa ni matumizi ya chombo: binafsi, mizigo au abiria. Hiyo ni haki, maana pikipiki inayoshinda barabarani tangu alfajiri imo hatarini kuliko yangu inayosimama chini ya mti wa shule mpaka saa tisa.

Tatizo ni kwamba vijijini mpaka huo hauonekani. Nilipokata bima ndogo, wakala aliandika "binafsi" bila kuniuliza neno. Lakini jirani akizidiwa usiku namkimbiza hospitali, naye hunipa fedha ya mafuta. Wapo watumishi wenzangu ambao siku ya mnada hubeba abiria wa nauli kabisa, ingawa tangu kanuni za mwaka 2010 pikipiki ya kukodi inatakiwa kuwa na leseni ya usafirishaji. Je, abiria huyo akivunjika mguu atalipwa, au kampuni itasema chombo kilikuwa katika kazi isiyoandikwa? Jibu huenda limo katika mkataba, ila niliopewa mimi ni wa Kiingereza, na herufi zake ni ndogo kama uwele.

Bima ndogo ni ya lazima kisheria ili kuwalinda watu wengine, si pikipiki yangu. Basi naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) iwaagize mawakala waulize kwanza chombo kinafanya kazi gani, na mkataba uwe wa Kiswahili. Kama anayebeba abiria siku moja kwa juma anastahili kulipa zaidi, tuambiwe ni kiasi gani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ihanja, Singida.