Gari la Benki si Hisani ya Mtu

Wananchi wenzetu,

Wenye mabenki wametuzoesha wimbo mmoja: kwamba mwananchi wa mashambani, madhali ana simu mfukoni na duka la wakala penye njiapanda, amekwisha kupata yote anayostahili. Kila likitajwa gari la benki, lile linalomfuata mwananchi alipo badala ya kumngoja mjini, huambiwa ni wazo lililochakaa na lenye gharama kubwa. Sisi twakataa. Twasema kwamba gari hilo likiundwa ipasavyo ni chombo cha haki. Na likiundwa ovyo, kama ilivyo desturi, huwa bango la matangazo lililotiwa magurudumu.

Mtauliza: jambo hili la mashambani lawahusu nini watu wa Komarock, mtaa wa mjini uliojengwa kwa mikopo ya nyumba? Latuhusu sana. Mtaa wetu umekaa kandokando ya barabara ya Kangundo, na ukiifuata barabara hiyo kuelekea mashariki, ukazipita Ruai, Kamulu na Joska, utafika Tala na Kangundo, na mbele ya hapo vijiji ambavyo wengi wetu twaviita nyumbani. Kila mwisho wa mwezi fedha hutoka katika mtaa huu kwenda kwa wazazi, kwa karo na kwa wagonjwa. Nauli ya mama anayesafiri mjini kuuliza habari za akaunti yake hutoka mifukoni mwetu. Mkopo mbaya uliomnasa kaka kijijini hulipwa na dada aliye Komarock. Asemaye kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali hajui familia za Kenya zilivyo.

Tuanze na historia, kwa maana asiyejua alikotoka hadanganywi mara moja. Katika miaka ya 1990, wakati tulipokuwa tukidai uhuru wa kusema na kupiga kura, mabenki makubwa yalikuwa yakihesabu matawi yao ya mashambani na kuyaona mzigo. Barclays, ambayo tangu 2020 yaitwa Absa, ilifunga matawi yake kadhaa ya vijijini mwishoni mwa muongo ule, na haikuwa peke yake. Viwango vya chini vya fedha za kuweka katika akaunti vikapandishwa mpaka mkulima mdogo akaona mlango umefungwa hata pale ulipokuwa wazi. Muongo huohuo ndio uliotuletea Goldenberg, ambapo Serikali iliwalipa watu wachache fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo. Fedha za kuwalipa matapeli zilipatikana. Za kulipa karani mmoja katika tawi la kijijini zikasemekana hazipo.

Tazameni sheria inavyosema. Sheria ya Mabenki, Sura ya 488, huitaka benki itoe notisi ya miezi sita kabla ya kufunga mahali pake pa biashara. Je, notisi hiyo hupelekewa nani? Hupelekewa Benki Kuu. Mkulima aliyeweka akiba yake pale kwa miaka ishirini hatajwi. Yeye ataijua habari siku atakapokuta kufuli mlangoni. Na sheria hiyohiyo, inapoeleza maana ya mahali pa biashara, hutaja pia kituo kinachosafiri. Kwa hiyo gari la benki si mchezo wa kando wala kibanda cha maonyesho. Mbele ya sheria lina hadhi ya mahali pa biashara, na anayelipeleka kijijini akaliondoa atakavyo anastahili kuulizwa kwa idhini ya nani.

Wala wasituambie kwamba halijawahi kufanyika. Equity, iliyoanzishwa mwaka 1984 kama shirika la mikopo ya nyumba, ilikuwa taabani kufikia 1993, hata wakaguzi wakaiona imefilisika. Ilijiokoa kwa kumtafuta yule mwananchi mdogo ambaye wengine walimkimbia, na njia mojawapo ilikuwa kumpelekea magari ya benki kijijini katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Gari lilifika siku maalumu, likiwa na walinzi, kompyuta ndogo na redio ya mawasiliano ya kuliunganisha na tawi mama. Shirika lile likawa benki kamili mwishoni mwa 2004, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Maskini waliodharauliwa ndio walioinua. Basi hoja ya kwamba kijiji hakina fedha ilikwisha kujibiwa zamani, tena kwa faida.

Sasa twafika kwenye umbo la gari lenyewe, maana huko ndiko dharau hujificha. Mhandisi akiagizwa na idara ya matangazo, huanza na rangi na nembo. Akiagizwa na mwananchi, angeanza na siri.

Wenye umri wetu hawajasahau mlolongo wa 1988. Mwananchi alilazimishwa kusimama nyuma ya picha ya mgombea, hadharani, mbele ya chifu na mwajiri na jirani, kisha akaambiwa huo ndio uchaguzi. Tuliukataa mlolongo kwa sababu mtu anayetazamwa hayuko huru. Lakini magari mengi ya benki humhudumia mwananchi kwa dirisha lililo ubavuni, yeye akiwa amesimama juani, foleni ikimhemea kisogoni, kila mtu akisikia ni kiasi gani ametoa na ni kiasi gani kimebaki. Mjane aliyelipwa fedha za majani chai huondoka pale akiwa na macho ya kijiji kizima mgongoni, na shemeji akimngoja njiani. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Faragha hiyo haiishii kwenye mlango wa benki ya mjini. Gari na liwe na chumba ndani, chenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kaunta ambayo sauti ya chini yatosha.

Baada ya siri, ngazi. Mpango wa Inua Jamii umekusudiwa kuwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi fedha hizo zimepitia katika mabenki. Ni nani basi mteja mkubwa wa gari hili? Ni bibi mwenye goti bovu. Sakafu ya lori iko juu. Ngazi ya chuma iliyosimama wima ni ukuta kwake. Kifungu cha 54 cha Katiba kimempa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Sakafu iteremshwe, au ubao wa mteremko ufungwe nyuma, na kishikio kiwe pande zote mbili. Hayo ni mabomba ya chuma na kazi ya siku moja ya fundi wa Kariobangi.

Kisha barabara. Huko Ukambani kuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huwa gundi. Gari zito lenye kasha kubwa la fedha, jenereta na viyoyozi, litazama maili mbili kutoka lami, na ratiba itakufa mwezi wa Aprili na wa Novemba, miezi ambayo mkulima anahitaji fedha za mbegu na palizi. Gari na liwe jepesi, linalosukumwa na magurudumu yote manne, tumbo lake likiwa juu ya mawe. Umeme wake utoke juani na uhifadhiwe katika betri, ili lisitegemee dizeli ya kunguruma mchana kutwa. Mawasiliano yawe ya njia mbili: mtandao wa simu ukipotea, iwepo njia nyingine, na risiti ichapishwe papo hapo. Kasha la fedha lifungwe katika fremu ya gari, lifunguke kwa saa iliyopangwa na si kwa amri ya bunduki. Ulinzi wa namna hiyo humlinda pia dereva, ambaye naye ni mtoto wa mtu.

Wapo watakaotujibu kwa takwimu. Watasema kwamba mwaka 2006 Wakenya wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7, na kufikia 2024 walikuwa asilimia 84.8. Ni kweli, na hatuna haja ya kuibeza M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, wala mawakala walioruhusiwa na mwongozo wa Benki Kuu wa 2010. Wamemwondolea mwananchi safari nyingi. Lakini tuulize takwimu hizo zahesabu nini. Zahesabu kwamba mtu amefikiwa. Hazituambii kama alielewa alichotia sahihi, wala kama alipodhulumiwa alimpata mtu wa kumsikiza.

Mwongozo ule wa 2010 ulimkataza wakala kutoa mkopo au kufanya tathmini ya mkopo. Basi anayetaka kukopa ili anunue ng'ombe, afanye nini? Ageukie simu. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, mkopo wake wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Anayeurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa asilimia 90. Sisi wa Komarock tunaolipa mikopo ya nyumba twajua hesabu hiyo ingemfanya nini mwenye nyumba. Ng'ombe hapatikani kwa mkopo wa siku 30. Hata mahindi hayakomai kwa siku hizo. Mkulima anahitaji afisa aketi naye, aone shamba, amsomee mkataba kwa lugha anayoielewa, na awe na mamlaka ya kusema ndiyo au la. Mtu huyo ndiye anayepaswa kupanda gari hili. Gari lisilo na afisa mwenye mamlaka ni duka jingine la wakala, lenye tairi.

Na gharama je? Twajibu kwamba sheria na mazoea yamekwisha kuonyesha njia. Mwongozo wa mawakala haukumruhusu benki yeyote kumfunga wakala asihudumie mabenki mengine. Kanuni hiyo na iwe ya magari pia: gari moja, mabenki matatu au manne, kila moja na karani wake au zamu yake, na gharama ya dereva, ulinzi na mafuta ikigawanywa. Washindani wanaoweza kukutana hotelini kujadili viwango vya riba wanaweza pia kukutana garini.

Twaonya jambo moja la mwisho, nalo ni la siasa. Tunazijua mbinu za wakubwa. Siku ya kuzinduliwa kwa gari, mheshimiwa atafika na utepe na mkasi, atasema kwamba ni yeye aliyewaletea watu benki, na uchaguzi ukiisha gari litapotea. Tulipigana kifungu cha 2A kiondolewe, kikaondolewa Desemba 1991, ili mwananchi asiwe mali ya chama wala ya mtu. Huduma inayoletwa kwa hisani huondolewa kwa hasira.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Benki Kuu itangaze masharti ya chini ya gari la benki: chumba cha faragha, njia ya wazee na wenye ulemavu, risiti ya papo hapo na orodha ya ada iliyobandikwa kwa Kiswahili mahali panapoonekana.

2. Ratiba ifuate siku za soko, itangazwe mapema, na gari lisiondolewe katika kituo chake bila notisi kwa wananchi wenyewe, shuleni, sokoni na katika nyumba za ibada.

3. Kila gari liwe na afisa mwenye mamlaka ya kushughulikia mikopo na malalamiko, pamoja na kitabu cha malalamiko chenye kurasa zilizopigwa nambari.

4. Kabla bodi ya gari haijachomelewa, mchoro upelekwe kijijini ukaguliwe na watakaolitumia. Katiba, kifungu cha 10, imetaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

5. Gari lisibebe picha, jina wala rangi ya mwanasiasa au chama chochote, chetu kikiwamo.

Wananchi wenzetu, andikeni barua kwa Benki Kuu. Simameni katika vikao vya kaunti vya bajeti, muulize barabara ya kijiji chenu itapitika mwezi gani. Wenye akaunti katika benki yoyote, ulizeni tawini ni vijiji vingapi ilivyoviacha na ni vingapi itakavyovirudia. Haki hii haitashuka kutoka juu. Itadaiwa kutoka chini, nasi tutaidai.